Mteja wa jero: jinsi ya kupima bidhaa dukani bila kula mtaji

Simama kando ya duka lolote la mtaani kuanzia saa 11 jioni usikilize wanavyoagiza. Mafuta ya jero, yaani ya shilingi 500. Sukari robo. Pampasi mbili. Umeme wa elfu mbili. Mteja huyu hanunui vya mwezi, ananunua vya leo, na wakati mwingine vya mlo mmoja tu. Hata mwenye mshahara, tarehe ikishavuka 15, anaingia kwenye foleni hiyohiyo.

Wenye maduka wengi hukubali biashara hii shingo upande, kwa sababu droo hujaa sarafu lakini mfuko ukiisha hela ya kununulia mwingine haitimii. Tatizo haliko kwa mteja wa jero, liko kwenye hesabu: kipimo hukisiwa kwa macho, au huigwa kutoka duka la jirani ambaye pengine naye anapata hasara bila kujua. Bei zote humu ni za mfano, kwa shilingi ya Tanzania. Weka za kwako, mahesabu hayabadiliki.

Wiki mbili za mistari

Kabla ya kubadilisha chochote, tundika karatasi nyuma ya kaunta kwa siku 14. Kila anayenunua kwa kupima, chora mstari chini ya bidhaa na kiasi alichotaja: mafuta 500, mafuta 1,000, sukari robo, sukari nusu, unga nusu. Tenga safu moja ya wale walioulizia wakakosa. Hiyo ndiyo wengi huiruka, na ndiyo yenye faida kuliko zote. Andika pia muda, hata kwa kugawa siku mara tatu tu: asubuhi, mchana, jioni.

Siku 14 zinahitajika kwa sababu wiki ya mshahara na wiki ya ukata hazifanani. Kati ya tarehe 25 na tarehe 5 utaona kilo nzima na nusu kilo. Kuanzia katikati ya mwezi utaona robo na jero. Ukichukua wiki moja tu utafungasha kilo nyingi halafu zikulalie. Mwezi wa Ramadhani nao hesabu yake ni ya peke yake: sukari, unga wa ngano na tambi hupanda, na kilele cha jioni kinasogea mapema.

Sarafu kwanza, kipimo baadaye

Kwa mafuta ya kula, usianze na kipimo halafu ukatafuta bei. Mteja ana 500 mkononi, na hiyo haibadiliki. Kinachotafutwa ni mililita ngapi unaweza kumpa.

Chukua dumu la lita 20 lililonunuliwa kwa 110,000, na usafiri 2,000. Jumla 112,000, yaani 5,600 kwa lita, au shilingi 5.6 kwa mililita. Ukitaka faida ya asilimia 15 juu ya gharama, gawanya 500 kwa 1.15, unapata 434. Gawanya tena kwa 5.6, unapata kama mililita 77. Shusha hadi 75, kwani kipimo cha 75 ni rahisi kukirudia. Gharama yake ni 420, faida 80.

Sasa tazama kinachotokea kipimo kikiwa cha kukisia. Kikombe kidogo kinachoonekana "kama 75" kikibeba 90, gharama inakuwa 504. Kila mteja wa jero anaondoka na shilingi nne zako, na wateja wakiongezeka hasara inaongezeka. Hapo ndipo mtu analalamika kuwa mafuta hayalipi.

Njia rahisi ya kujua kikombe kinabeba kiasi gani ni maji na mizani ya kidijitali. Mililita moja ya maji ni gramu moja, hivyo weka kikombe kwenye mizani, rudisha sifuri, jaza maji hadi isome 75, weka alama. Kikaushe kabisa kabla ya kugusa mafuta. Mafuta yenyewe ni mepesi kuliko maji: lita moja ya mafuta ya kula ina uzito wa kama gramu 920, kwa hiyo mililita 75 za mafuta zitasoma kama gramu 69. Anayechanganya gramu na mililita, akamimina mafuta hadi mizani isome 75, anatoa zaidi ya mililita 81. Kosa hili ni la kawaida kuliko watu wanavyodhani.

Alama ya maji ni ya kujikagua tu. Kipimo cha kuuzia, kiwe cha ujazo au mizani, kinatakiwa kihakikiwe na kupigwa chapa na Wakala wa Vipimo, na uhakiki hurudiwa kila mwaka. Kikombe cha kukata chupa ya maji hakina utetezi mkaguzi akiingia.

Usitarajie dumu litoe vipimo vyote 266 vya kwenye karatasi. Mafuta hubaki kwenye kuta za dumu, kwenye mpira wa kunyonyea, kwenye kikombe. Panga hesabu yako kwa vipimo 260: 260 mara 500 ni 130,000, toa 112,000, faida ni 18,000. Mikoa ya baridi kama Njombe na Mbeya, mwezi wa Juni na Julai mafuta ya mawese huganda na yanayobaki dumuni ni mengi zaidi. Liache dumu juani kabla ya kulimaliza, kisha ligeuze juu chini kwenye kopo safi usiku kucha.

Mafuta yasifungwe kwenye mifuko laini ya plastiki. Mifuko ya kubebea ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu Juni 1, 2019, na hata bila sheria hiyo vifundo huvuja. Mzoeshe mteja aje na chupa yake. Chungulia kama ina maji, maana mafuta yakimrukia jikoni atasema umeyachakachua.

Sukari, na gramu tano zinazokula faida

Mfuko wa kilo 50 umefika kwa 130,000, usafiri 2,000. Upime kwanza, kabla ya kumlipa mwenye toroli. Mfuko mtupu wenyewe una uzito, hivyo mfuko kamili unatakiwa usome zaidi kidogo ya 50. Ukisoma 49 na pointi, umeanza na upungufu ambao hutaupata popote mbele. Angalia na mshono: uzi wa rangi tofauti au matundu mawili mawili yanaonyesha umefunguliwa ukashonwa tena.

Kwa nadharia, kilo 50 ni robo 200. Ukiuza robo kwa 800 na kilo kwa 3,000, anayenunua robo analipia pia bahasha na kazi ya kufunga, na hilo ni haki. Robo 200 zinaleta 160,000. Toa 132,000, toa bahasha za kaki za shilingi 20 kila moja, yaani 4,000. Zimebaki 24,000.

Mpimaji mwenye mkono mzuri anaacha mizani isome 255 badala ya 250. Gramu tano tu. Lakini kilo 50 sasa zinatoa robo 196. Mauzo 156,800, bahasha 3,920, faida 20,880. Umepoteza 3,120, asilimia 13 ya faida ya mfuko mzima, kwa vipunje ambavyo mteja hata hakuvishukuru. Kumbuka pia bahasha ina uzito wake, na huo si sukari: weka bahasha juu ya mizani, rudisha sifuri, ndipo umimine. Mteja anastahili gramu 250 za sukari, si za sukari na karatasi. Kupunja kwa makusudi ni kosa kisheria, na mtaani habari zinatembea haraka kuliko bodaboda.

Mizani ya saa, ile ya mshale, haifai kwa kazi hii. Mistari yake mara nyingi iko umbali wa gramu 50 au 100, kwa hiyo robo inakuwa maoni. Tumia ya kidijitali inayosoma gramu moja au tano, uiweke mahali palipo sawa, mbali na feni: upepo unaopiga sahani huyumbisha namba. Kila asubuhi weka jiwe la kilo moja lenye chapa. Ikisoma tofauti, badilisha betri au chaji kabla ya kumlaumu fundi.

Funga bahasha mapema, saa 8 au saa 9 mchana duka likiwa limetulia, lakini funga za siku moja au mbili tu. Maeneo ya pwani sukari na chumvi hunyonya unyevu wa hewa, karatasi inalowa, na siku ya tatu unauza donge. Bahasha iliyofungwa kabla mteja hajafika iandikwe uzito halisi. Na bahasha zikae ndani ya ndoo yenye mfuniko. Sisimizi hawana aibu.

Unga na nafaka vinakwenda kwa namna hiyohiyo, ila unga usiuzwe kwa kopo. Uliotulia hushindiliwa na uliomwagwa sasa hivi huwa na hewa, kopo lilelile likatoa uzito tofauti asubuhi na jioni.

Kufunga hesabu ya mfuko

Hiki ndicho kipengele kinachotenganisha duka linalokua na lile linalozunguka tu. Kila mfuko na kila dumu liwe na ukurasa wake: tarehe ya kufunguliwa, gharama kamili, idadi ya vipimo vinavyotarajiwa. Likiisha, linganisha.

Tuseme mfuko wa sukari ulitarajiwa kutoa robo 200. Daftari linaonyesha 184 taslimu, 6 mkopo, 3 zilikwenda nyumbani. Jumla 193. Saba hazijulikani, yaani 5,600. Ukipima bahasha kumi za mfuko unaofuata zilizoko ndooni na kukuta wastani ni 255, nne umeshazipata. Tatu, yaani gramu 750, ni za kutafuta: zilizomwagika, zilizobaki kwenye pembe za mfuko, zile za nyumbani zisizoandikwa, au mkono wa mtu. Upungufu ukiwa robo mbili kila mfuko, uache, ni gharama ya kazi. Ukiruka ghafla kutoka mbili hadi tisa, angalia ni nani alikuwa dukani wiki hiyo na kama mfuko ulipimwa ulipofika.

Fedha ya mfuko ikae peke yake. Mauzo ya kwanza ya 132,000 ni mfuko unaofuata, hayaguswi. Kinachokuja baada ya hapo ndicho chako. Wanaokula kutoka droo moja hugundua mwisho wa mfuko kwamba walikuwa wanakula sukari.

Mkopo wa robo robo hausumbui kwa ukubwa wake, unasumbua kwa kusahaulika. Weka kikomo kwa kila nyumba, mfano 5,000, na kibao cha "leo taslimu" kimfanyie kazi hata jirani mwema.

Lipa namba kwa mauzo madogo

Wateja wengi hawatembei tena na chenji, hivyo lipa namba, yaani namba ya biashara ya kupokelea malipo kwa simu, ibandikwe wazi. Lakini faida ya mafuta ya jero ni shilingi 80, na kila unapotoa fedha kwa wakala makato yanakula humo. Acha salio likusanyike kwenye namba ya biashara umlipe nalo muuzaji wa jumla moja kwa moja. Wengi wa Kariakoo na Tandale wanapokea. Na muamala uuthibitishe kwenye simu yako, si kwenye kioo cha mteja. Ujumbe wa kughushi hutumika zaidi jioni foleni ikiwa ndefu, kwa sababu ya haraka yako.

Bei ya jumla ikipanda

Dumu likifika 120,000 na usafiri uleule, mililita inakuwa 6.1. Kipimo cha 75 sasa kinagharimu 457 na faida imeshuka hadi shilingi 43. Jero haiwezi kuwa 550, maana mteja hana hiyo hamsini. Rudia hesabu: 500 gawa kwa 1.15, gawa kwa 6.1, ni 71. Kipimo kipya kiwe 70. Waambie siku ya kwanza, au andika mlangoni kipimo na bei. Mteja atanung'unika na kununua. Akigundua mwenyewe atanyamaza na kuhama. Bei ikishuka, rudisha 75 kabla jirani hajafanya hivyo. Sukari ni rahisi zaidi, kwani robo hubaki robo na bei ndiyo hupanda kwa 50.

Vya kufungua na vya kuacha

Pampasi moja moja zinalipa. Pakti ya vipande 40 kwa 16,000 ni 400 kwa kipande, ukiuza 500 ni asilimia 25, na hakuna kumwagika. Fungua pakti moja tu kwa kila saizi, zikae kwenye chombo chenye mfuniko mbali na sabuni, na usijaze saizi ndogo kabisa: watoto huikimbia haraka. Sabuni ya unga usiifungue; viwanda tayari hutoa pakti ndogo, na ukipima mwenyewe unameza vumbi bila faida ya maana.

Dawa za binadamu usizikate kaunta. Sumu ya panya na dawa za mbu ziuzwe kwenye pakiti zake zenye maelezo. Mafuta ya taa, kama bado unayauza, yawe na kipimo chake, mpira wake na kona yake, kwani harufu ikishaingia kwenye ndoo ya sukari haitoki hata uioshe mara kumi.