Namna ya Kusahihisha Kiswahili Chako Kabla ya Kukituma

Malalamiko kwamba watu hawajui tena kuandika Kiswahili husikika kila mahali, na wanaolalamika hutaja karibu mfano uleule: kijana anayeandika "xaxa" badala ya "sasa", au "cjui" badala ya "sijui". Kwa maoni yangu, hapo si mahali pa kuanzia. Anayeandika "cjui" anajua vizuri kwamba neno ni "sijui", na akitakiwa kuandika barua ya kuomba kazi ataliandika lote. Ufupisho huo ulikuwa na sababu yake: ujumbe wa simu ulikuwa na nafasi ya herufi 160 tu, na uliozidi hapo ulitozwa kama ujumbe wa pili, huku kitenzi cha Kiswahili, kinachobeba mtenda, wakati na mtendwa kwa pamoja, kikila nafasi kubwa. Siku hizi ujumbe mwingi hupita kwenye intaneti na kikomo hicho hakipo, ila mazoea yamebaki, pamoja na ladha ya ujana ambayo sioni haja ya kuipiga vita. Kosa la kushughulikiwa kwanza ni lile ambalo mwandishi hajui kuwa amelifanya.

Makosa hayo yalikuwepo tangu zamani, lakini maandishi yaliyosomwa na watu wengi yalipita kwanza mikononi mwa mhariri. Leo tangazo la msiba, la kikao cha harusi au la kiwanja kinachouzwa hutoka moja kwa moja kwenye simu ya mwandishi na kuwafikia wanakikundi wote kwa mpigo. Kazi ya uhariri imebaki kwa mwandishi mwenyewe, na ili aifanye vizuri ni lazima ajue aangalie wapi.

Aanze na mgawanyo wa maneno, kwa kuwa ndilo kosa lililoenea kuliko yote. Watu huandika "ana kuja", "nime fika" na "tuta onana", kana kwamba kiambishi cha mwanzo ni neno linaloweza kujitegemea. Kinachowachanganya ni kwamba "ana" inaweza kweli kuwa neno kamili, kama katika "ana gari". Njia rahisi ya kutofautisha ni kukanusha sentensi. "Ana gari" hukanushwa kwa "hana gari", na "hana" inabaki imesimama peke yake. Kwa hiyo hayo ni maneno mawili. "Anakuja" hukanushwa kwa "haji", na "nimefika" kwa "sijafika", wala hakuna kipande kinachobaki pembeni. Kwa hiyo kila kimoja ni neno moja na kiandikwe hivyo. Ukanushaji ni jambo ambalo kila mzungumzaji hulifanya bila kufikiri, ndiyo maana kipimo hiki humfaa hata mtu ambaye hakupenda kabisa somo la sarufi.

Kosa la upande wa pili ni kuunganisha yasiyoungana: "kwasababu", "kwahiyo", "kwanini", "kwaajili". Ondoa "kwa" na uangalie kilichobaki. "Sababu", "hiyo", "nini" na "ajili" ni maneno yanayoeleweka yakiwa peke yake, hivyo yatenganishwe. Katika "kwamba", ukiondoa "kwa" unabaki na "mba", ambayo hapo haina maana, na ndiyo sababu neno hilo huandikwa pamoja.

Baada ya hapo yafuate maneno ambayo herufi moja hugeuza maana. Mkanganyiko wa "r" na "l" hautokani na uvivu: katika lugha nyingi za Kibantu za bara sauti hizo mbili hazitofautishi maana, na mtu aliyekua akisema lugha hiyo hawezi kutegemea sikio lake. Anapaswa kutegemea macho. Aandike mahali, hata kwenye simu yenyewe, jozi anazozitumia mara kwa mara: kura na kula, kalamu na karamu, mahali na mahari. Aliyeandika kwamba wananchi wamejitokeza "kupiga kula" ameeleweka, lakini amechekwa, na hoja yake imepotea katika kicheko hicho.

Herufi "h" huanguka kwa wengi wetu, tukaandika "uyu", "apa" na "iyo"; nyakati nyingine huongezwa pasipo haki, tukapata "hacha" na "hasubuhi". Katika "haya" na "aya", au "hama" na "ama", kosa hilo hubadilisha neno zima. Jozi za "dh" na "z", na za "th" na "s", zinahitaji uangalifu zaidi kwa wafanyabiashara. Anayetangaza kwamba "samani ya nyumba" ni milioni 40 amemwambia msomaji bei ya makochi na vitanda, kumbe alikusudia thamani. "Zana za kilimo" ni jembe na trekta. "Dhana ya kilimo" ni wazo tu. Mara nyingi "dh", "th" na "gh" huwa katika maneno yaliyotoka Kiarabu, kama fedha, thelathini na ghali, kwa hiyo asiziweke kwenye maneno ya Kibantu kama "zaa" au "soma" kwa kudhani kwamba zinapendeza.

Irabu mbili zinazofuatana nazo zisipunguzwe, kwa sababu kijana "afaaye" kazini si sawa na "afaye". "Inchi" ni kipimo cha televisheni. Tunayoishi ni "nchi". Ritifaa, ile alama ya juu katika ng', huachwa kwa kuwa kwenye simu hujificha katika ukurasa wa tarakimu na alama, ila "ng'oa" ni kutoa kitu kwa kukivuta, na "ngoa" ni wivu.

Alama ya kuuliza ina uzito katika Kiswahili kuliko watu wanavyodhani. Swali la ndiyo au hapana halibadilishi mpangilio wa maneno yetu; tunapozungumza, kiimbo pekee, yaani jinsi sauti inavyopanda na kushuka, ndicho kinachotofautisha "Umelipa" ya taarifa na "Umelipa?" ya swali. Kwenye maandishi kiimbo hakipo. Mteja aliyeandikiwa "mzigo umefika" bila alama yoyote anaweza kufunga safari hadi stendi, wakati mwenye duka alikuwa anauliza. Anayesahau alama hiyo azoee kuanza swali na "je".

Simu nayo irekebishwe. Kibodi iliyowekwa Kiingereza hubadilisha maneno ya Kiswahili kuwa ya Kiingereza yanayofanana nayo, mwandishi asitambue. Gboard, kibodi ya Google, ina Kiswahili katika orodha ya lugha zake. Kichaguliwe hapo, kisha majina ya watu na ya mitaa yaongezwe kwenye kamusi binafsi ya simu.

Panapotokea ubishi, mwamuzi ni kamusi, na mamlaka zipo: Tanzania Bara kuna Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA), lililoanzishwa mwaka 1967, na Zanzibar kuna Baraza la Kiswahili Zanzibar (BAKIZA). Hata hivyo inafaa kukumbuka kwamba Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, lahaja iliyochaguliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928. Mtu wa Mvita, yaani Mombasa, akimwandikia ndugu yake "ndoo" akimaanisha "njoo", hajakosea. Anaandika lugha ya kwao, na wa kwao wamemwelewa. Usanifu unadaiwa pale ambapo maandishi yanakwenda kwa watu wa kila mahali.

Kumsahihisha mwenzako nako kuna adabu yake. Usimtolee kosa mbele ya kundi; mwandikie pembeni, na akiwa mkubwa wako, anza kwa shikamoo, kisha sema, "Mzee, naomba turekebishe tangazo, tumeandika mahari pa kikao badala ya mahali." Hiyo "tumeandika" humpunguzia aibu. WhatsApp huruhusu ujumbe kuhaririwa ndani ya dakika 15 tangu utumwe. Zikishapita, ni bora kutuma tangazo zima upya lenye neno "Marekebisho" juu yake, kuliko kutuma neno moja lenye nyota, ambalo waliokwisha kusambaza tangazo la kwanza hawatahangaika kulisambaza.