Namna ya kusoma mawe ya makaburi ya kale Mombasa bila kuyaumiza

1. Piga hodi kwanza. Mtafute mlinzi wa makaburi au wenye eneo, umwamkie na kumweleza unachotaka. Makaburi ya kale yana wenyewe.

2. Ngoja jua. Hapa ndipo kazi ilipo. Herufi zilizofifia husomeka mwanga unapopita ubavuni mwa jiwe, si unapolipiga usoni. Jiwe lililosimama likitazama mashariki, usihangaike nalo asubuhi. Mombasa jua la adhuhuri huwa karibu utosini, basi nenda saa tano na nusu hadi saa sita: mwanga huteremka juu ya uso wa jiwe na kila mkato hutoa kivuli. Jiwe lililolazwa lisome saa moja asubuhi au saa kumi na moja jioni. Lililo chini ya mwarobaini, lielekezee mwanga kwa kioo.

3. Safisha kidogo, au usiguse kabisa. Maji safi na brashi laini, basi. Brashi ya waya, chaki, siki na asidi ya chooni ni marufuku. Marumaru na matumbawe yote yana chokaa, na asidi huyeyusha chokaa pamoja na maandishi. Naomba sana, hili lizingatie.

4. Tazama mkono wa mchongaji. Matumbawe yana matundu, hayashiki herufi ndogo. Mara nyingi maandishi yamo kwenye lipu au kibao cha marumaru kilichopachikwa. Kwenye marumaru, angalia kama herufi zimekatwa kwa tindo tu au zimejazwa madini ya risasi. Penye risasi, fundi alitoboa vishimo ndani ya kila herufi ili risasi ishike. Ikibanduka, vishimo hubaki: fuata safu zake kwa jicho na jina litasomeka. Nanga ni alama ya matumaini. Nguzo iliyovunjika, maisha yaliyokatika mapema.

5. Tarehe uipime. Kaburi la Mzungu si lazima liwe la enzi za ukoloni. Rosina Krapf, mkewe mmisionari Johann Ludwig Krapf, alizikwa upande wa Nyali mwaka 1844, miaka 51 kabla ya himaya ya Waingereza ya 1895. Mwaka wa Hijria usiuache: 1312 ulianza Julai 1894.

6. Nakili ulivyoona. Piga picha ya kaburi zima, kisha maandishi. Andika mstari kwa mstari, na makosa ya mchongaji uyaache. Herufi unayoikisia itie kwenye mabano ya mraba, ili atakayekuja baadaye ajue kipi ulikisoma na kipi ulikikisia.