Jinsi ya kuanzisha mazoezi ya usalama kijiweni: kwa wenzangu wa pikipiki Moshi

Mimi ni fundi pikipiki, banda langu liko Majengo, Moshi. Napokea pikipiki za kila aina ya mtu: bodaboda wa mjini, mwalimu anayepanda Uru kila asubuhi, bwana shamba, muuza maziwa wa Kibosho, na siku hizi akina dada wengi wanaojiendesha wenyewe kwenda kazini. Naipenda pikipiki. Kwa vijiji vyetu vya mlimani, ndiyo inayomfikisha mama mjamzito zahanati usiku na ndizi sokoni asubuhi. Nataka watu wengi zaidi waendeshe, na wote wazeeke wakiwa wazima. Haya ninayoandika yanaweza kuanza kijiweni kwenu wiki hii, bila kusubiri semina ya mtu.

Kwanza muda. Dereva mwenye hesabu ya bosi, au aliye kwenye mkataba wa pikipiki, hawezi kukaa ukumbini nusu siku akisikiliza hotuba. Kila saa anayokaa pale inamtoka mfukoni. Tafuteni saa ambayo abiria wamepungua. Kwa mjini Moshi ni saa nne mpaka saa sita mchana siku za kazi, wanafunzi wakishaingia shuleni na wafanyakazi maofisini, au Jumapili alasiri watu wakishatoka ibada. Zoezi liwe la saa moja, lisizidi. Kubalianeni na mwenyekiti wa kijiwe kwamba aliye kwenye zoezi hapotezi zamu yake kwenye foleni ya abiria. Hili la zamu ndilo linaloleta watu kuliko soda na vitafunwa.

Waanze wakongwe. Kijana wa miaka ishirini hatakaa amsikilize fundi, lakini akimwona mzee wa kijiwe, anayeendesha tangu bodaboda zianze kujaa mjini hapa, anashuka uwanjani kufanya zoezi la breki, naye atataka kujaribu. Trafiki mwalikeni pia, ila baada ya mazoezi mawili matatu, watu wakishazoea. Aombwe kuja kuelekeza, asije kukagua, na hilo lisemwe mbele ya wote.

Sasa helmeti, na hapa nakaa kidogo. Madereva wengi wa hapa mjini wanavaa. Abiria ndiye anakaa kichwa wazi, na helmeti yake inaning'inia kwenye kioo au haipo kabisa. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi mbalimbali zinaonyesha helmeti inapunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa takriban asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Kichwa cha abiria ni kichwa kama cha dereva.

Ukimuuliza abiria kwa nini hataki, atakwambia inanuka, au ataharibu nywele alizosuka juzi Mbuyuni kwa pesa yake. Ana haki. Kwa hiyo msimlaumu, ondoeni sababu. Nunueni zile kofia nyepesi za nailoni za saluni, kila dereva awe nazo chache mfukoni, abiria avae kabla ya helmeti. Kitambaa chembamba cha pamba kinatosha pia, kikifuliwa kila jioni. Kitambaa cha ndani ya helmeti kifuliwe kwa sabuni ya kawaida na maji ya uvuguvugu, kianikwe kivulini. Msisafishe ganda kwa petroli wala thina, nimeona wengi wakifanya hivyo ili ling'ae. Dawa hizo zinalegeza plastiki na lile povu gumu la ndani, ambalo ndilo linalopokea kishindo.

Helmeti iliyokwishagonga lami imemaliza kazi yake hata kama haina ufa. Na ile isiyofungwa mkanda kidevuni haina tofauti na kofia ya jua: itaruka kabla kichwa hakijafika chini. Jaribu hivi: mfunge mwenzako mkanda, kisha shika helmeti kwa nyuma uivute kwenda mbele. Ikitoka, ni kubwa mno au mkanda umelegea.

Na namna ya kumwambia mtu ina maana. Ukimwamrisha mama wa watu "vaa hiyo", atakwenda kijiwe kingine. Sema, "Shikamoo mama. Nakuomba uvae hii, tukishafunga mkanda tunaondoka." Kisha usiondoke mpaka avae. Kijiwe kizima kikifanya hivyo, hakuna abiria wa kukimbilia kwingine.

Zoezi lenyewe la uwanjani ni la breki. Omba ruhusa kwa mwalimu mkuu mtumie uwanja wa shule siku isiyo na wanafunzi. Uwe wa udongo mgumu, usio na kokoto nyingi. Jaza mchanga chupa tupu za maji, uzipange kuwa alama. Dereva aje kwa kilomita 20 kwa saa, akifika kwenye chupa afunge breki ya nyuma peke yake. Weka alama ya majivu pale aliposimama. Arudi, safari hii abane zote mbili, ya mbele akiibana polepole halafu kwa kuongeza nguvu, usukani ukiwa umenyooka na macho yakiangalia mbali. Weka alama ya pili. Muache apige hatua mwenyewe kati ya alama mbili. Hakuna maneno yatakayomfundisha kama hatua zake mwenyewe, maana madereva wengi hapa wanaogopa breki ya mbele, wameambiwa inapindua. Inapindua ukiikamata ghafla, au ukiibana kwenye kona au kwenye kokoto. Kwenye lami kavu ndiyo inayobeba kazi kubwa ya kusimamisha, kwa sababu unapofunga breki uzito mwingi unahamia mbele.

Akishazoea, apande hadi kilomita 30, halafu 40. Ataona mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kufunga breki unakuwa mara nne. Mwisho mfungieni gunia la mahindi la kilo 50 pale anapokaa abiria, arudie. Hapo ndipo huwa nasikia watu wakisema "aisee!" wenyewe. Kwa kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo mwisho wa mwendo kwenye makazi, pikipiki inakula karibu mita 14 kila sekunde. Sekunde ya kushtuka tu, kabla kidole hakijagusa breki, umeshapita urefu wa kifodi, yaani basi dogo la abiria, mara mbili na zaidi.

Wenzangu wa milimani, nawaomba sana kuhusu kuteremka. Najua tabia ya kuzima injini kule juu Kibosho au Uru na kuserereka mpaka mjini ili kubana mafuta. Naipokea kazi yake bandani: breki shuu zimeungua zikawa nyeusi na kung'aa kama kioo. Pikipiki zetu nyingi zina breki za ngoma, na ngoma ikipata joto mfululizo inaacha kushika. Unabana mpaka mwisho, pikipiki haisikii. Injini ikiwa imezimwa na gia imetolewa, huna cha kukusaidia kushikilia, na kwenye pikipiki nyingi za hapa taa kubwa inategemea injini, kwa hiyo kwenye ukungu wa asubuhi unateremka bila taa. Weka gia ya pili au ya tatu, iache injini ikushike, breki ziguse kidogo kidogo. Bei ya seti moja ya breki shuu inakula akiba ya mafuta ya siku nyingi. Hata hesabu ya pesa haikubali.

Kipindi cha masika, Machi hadi Mei, udongo mwekundu wa migombani unaletwa kwenye lami na magurudumu, na unateleza kuliko maji yenyewe. Ukitoka kwenye tope au kuvuka maji, gusa breki kwa mbali mwendo mfupi zikauke. Na Desemba mnaijua. Magari kutoka Dar yanapanda kwa mafungu kwenda Marangu, Rombo na Machame, barabara ni nyembamba, migomba imeziba kona, na dereva mgeni anakata kona akiwa katikati. Mwezi huo washeni taa mchana, pigeni honi kabla ya kona iliyozibwa, na mbaki kushoto kabisa.

Ukaguzi wa asubuhi usichukue zaidi ya dakika mbili. Cheni icheze sentimita mbili hadi tatu pale katikati. Tairi la nyuma liwe na upepo wa kubeba abiria. Taa ya breki iwake kwa mkono na kwa mguu, vioo vyote viwili viwepo. Vijana wanavitoa wakisema vinaharibu muonekano. Aliyevitoa arudishe kabla ya kupewa zamu.

Kukataza mshikaki, yaani kupakiza abiria zaidi ya mmoja, iwe kanuni ya kijiwe, si ya mtu mmoja mmoja. Abiria mmoja, basi, na mkubaliane faini. Kazi ngumu ni ya watoto wa shule, maana mzazi mwenyewe ndiye anayepakiza watatu na kulipa kwa mwezi. Nendeni kwenye kikao cha wazazi, mwenyekiti aseme wazi: mtoto ambaye miguu yake haifiki kwenye vikanyagio hapandi, na hakuna mtoto wa kukaa juu ya tangi. Wazazi watanung'unika bei ikipanda. Vumilieni.

Wanaoanza kujifunza, hasa akina dada, wasifundishwe barabarani na kaka mwenye haraka. Uwanja ule ule unafaa. Aisukume kwanza injini ikiwa imezimwa ajue uzito wake. Kisha ajue pale klachi inapoanza kushika, aende mwendo wa mtu anayetembea, azungushe namba nane kati ya chupa mbili. Aliyeweza polepole ataweza haraka. Halafu leseni ya kujifunzia, chuo (VETA wapo hapa hapa Moshi), mtihani wa trafiki, na leseni kutoka TRA.

Mfuko wa kijiwe uanze na helmeti za abiria na sanduku la huduma ya kwanza. Bima ndogo hailipi pikipiki yako wala mguu wako, inamlipa uliyemgonga, kwa hiyo kila mmoja achangie kidogo kila siku ili asaidiwe siku akilala wodini. Na aliyekunywa, iwe bia au mbege ya msibani, funguo inabaki kwa mwenyekiti mpaka kesho.

Mwenzenu akianguka, mmoja azuie magari kwa mbali, mwingine azime injini. Msimvue helmeti kama anapumua vizuri. Msimbebe katikati ya watu wawili kwenye pikipiki nyingine, maana uti wa mgongo ukiwa umevunjika hapo ndipo mnaumaliza. Bana panapotoka damu kwa kitambaa safi, piga 112, tafuta gari ambalo atalala chali. Mmoja aende naye hospitali, mwingine afuatilie PF3, ile fomu ya matibabu ya majeruhi, polisi. Pikipiki ipelekwe kwa fundi hata kama inawaka: usukani, shokapu za mbele, rimu na ekseli vikaguliwe kabla mtu yeyote hajaipanda tena.