Kupatanisha vina na nyuzi katika taarab asilia

Shairi la taarab na ala zake vinataka sikio moja: sauti mbili zikikutana, zipatane. Anza na maneno, maana wapigaji huyafuata.

Taarab asilia, ile ambayo kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa kimeilea Unguja tangu 1905, hupenda ubeti wa mishororo mitatu, kila mmoja mizani 16, yaani silabi 16, nane kwa nane:

Karafuu zimefika, harufu imo njiani,
Jamvini zatandazika, juani kwetu uani,
Kila mpita hutaka, asimame barazani.

Hesabu kwa kidole mezani, pigo moja kila silabi. "Jamvini" ni mizani tatu, ja-mvi-ni. "Mpita" nayo ni tatu, kwani m yake husimama peke yake. Hapo ndipo wengi hupoteza hesabu.

Kina ni silabi nzima, si irabu yake tu. Weka "zatandazwa" mahali pa "zatandazika": mizani ya kipande hicho inapungua hadi saba, na -zwa inagombana na -ka ingawa zote zinaishia na a. Vivyo hivyo -da na -nda si vina. Mwimbaji huivuta silabi hiyo, basi na kosa litavutwa. Na hii -ni ni kina chepesi mno, kila mahali unaipata. Ukiirudia beti zote, msikilizaji atalijua neno kabla halijaimbwa. Tafuta kina kigumu kidogo.

Sasa nyuzi. Ganuni, ala bapa ya nyuzi nyingi, kwa kawaida ina nyuzi 3 kwa kila noti; udi, ala ya nyuzi yenye shingo fupi, huenda mbili mbili. Ulinganishe uzi mmoja na kipimo cha sauti, mwenzake umlegeze chini kidogo, kisha umpandishe polepole huku ukizipiga pamoja. Sauti ikipwita wau-wau, bado. Uzi mmoja ukitikisika mara 440 kwa sekunde na wa pili 442, utasikia mapwito mawili kila sekunde. Yakipungua hadi yakatulia kabisa, zimepatana. Usiumalizie uzi kwa kuushusha: hukwama kwenye kijiti unachopitia, halafu hulegea katikati ya wimbo.

Baada ya hapo jaribu noti na oktava yake, yaani noti ileile ya juu zaidi, uwiano wa mitikisiko 2 kwa 1, kisha noti ya tano kutoka hapo ulipoanzia, 3 kwa 2. Zikitulia hizo, nyingine hufuata kwa urahisi. Nyuzi mpya za nailoni hunyooka, kwa hiyo zikaze, ziache nusu saa, uzilinganishe tena kabla mwimbaji hajakaa.