Jinsi ya kumuingiza mtoto aliyetengwa kwenye timu

Kwanza acheni ile staili ya makapteni wawili kuchagua wachezaji, maana mtoto anayebaki wa mwisho kila siku anajua kabisa hatakiwi na hilo linamkaa rohoni kuliko kufungwa goli kumi, we gawa mwenyewe, moja mbili moja mbili, basi. Mkimbizi, wa mtaani au mwenye ulemavu mpe kazi inayoonekana, mfano yeye ndo anarusha mipira yote. WHO, yaani Shirika la Afya Duniani, wanasema mazoezi ya mwili wastani wa angalau dakika 60 kwa siku kwa watoto wa miaka 5 mpaka 17, ila mi naona kinachomtuliza zaidi ni kocha yuleyule saa ileile. Akikosea usimfokee mbele za wenzake, mwite pembeni. Akijifungia kimya wiki nzima, mtafutie mshauri.