Jinsi ya kuchagua mzula mwepesi wenye joto kwa safari za Kitulo, Rungwe na Loleza

Wadau, mwezi wa sita ukikaribia swali ni lilelile, kofia gani nivae juu kule. Na wengi wanakuja na limzula linene lenye kishada wakijua unene ndo joto. Sasa ukitembea na begi mgongoni kichwa kinatoka jasho, jasho linalowesha kofia, ukisimama kupiga picha upepo unapita humo na hapo ndo meno yanaanza kugongana. Sie tunaopeleka watu milimani tunatafuta kofia nyepesi, inayokauka haraka na inayofunika masikio.

Hatua ya 1: jua unaenda lini

Mbeya mjini, chini ya mlima Loleza, tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, uwanda wa Kitulo uko kwenye 2,600 hivi, Rungwe kileleni inakaribia 3,000. Kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi 6, kwahiyo chukua asubuhi ya Uyole hapa Mbeya mwezi wa saba ile unaogopa hata kunawa uso, afu toa tano au sita tena. Juni mpaka Agosti ni baridi kavu, alfajiri majani ya Kitulo yana barafu. Ila ukifuata maua, kuanzia Desemba mpaka Aprili, ni mvua na ukungu, na baridi ya kulowa ina kofia yake.

Hatua ya 2: jua imetengenezwa na nini

Hapa ndo pa kutulia. Pamba achana nayo kabisa hata kama ni nzuri na ina nembo ya timu yako, ikilowa inashika maji na haikauki mpaka mnarudi. Flisi ya poliesta (kile kitambaa laini chenye manyoya mafupi) ndo chaguo langu kwa mvua, hainywi maji, unaikamua unavaa, na bei yake haiumi. Sufu ya kondoo, hasa merino, ni tamu zaidi kwa baridi kavu, inaweza kunyonya unyevu mpaka karibu asilimia 30 ya uzito wake bado huhisi kama imelowa, na hainuki haraka, ila kukauka inachelewa. Akriliki, uzi wa kiwandani unaoiga sufu, ndo imejaa sokoni, sio mbaya kwa kulalia, kwa kutembea naipa nafasi ya tatu.

Sasa mitumba ya masoko yetu ya Mbeya, Mwanjelwa au Sido, lebo mara nyingi imekatwa. Muombe muuzaji uchomoe kauzi kadogo pembeni (akikataa nunua kwanza, ni buku mbili tatu tu) kachome na kiberiti. Kakinuka nywele zilizoungua na kubaki majivu yanayosagika, hiyo ni sufu. Kakiyeyuka na kuacha katone kagumu, ni poliesta au akriliki. Kakiungua kama karatasi, ni pamba, rudisha kwenye rundo.

Hatua ya 3: pulizia

Weka kitambaa mdomoni upulizie kwa nguvu, mkono uwe upande wa pili. Hewa itapita kidogo, na inatakiwa ipite ili jasho litoke, ila ukihisi inapita kama hakuna kitu ujue upepo wa Kitulo utafanya hivohivo, hiyo itakuhitaji uvae hud (kofia iliyoshonewa kwenye jaketi) juu yake. Kofia ya flisi nyembamba inakuwa gramu 30 mpaka 60 hivi, ikikunjwa inaingia mfuko wa suruali. Isipoingia ni nzito mno.

Hatua ya 4: vaa, usikadirie kwa macho

Ivute mpaka ifunike ndewe za masikio, inama, tingisha kichwa. Ikipanda juu yenyewe, acha. Ikibana mpaka paji la uso linaacha mstari, acha pia, utaivua njiani. Dada zangu wenye rasta au misuko chukueni yenye kina zaidi, na kama mnapanda boda mpaka getini hakikisha inakaa chini ya helmeti bila kukunjana.

Na ile habari kwamba nusu ya joto la mwili linatokea kichwani msiibebe, kichwa ni kama asilimia 10 ya ngozi na joto kinachopoteza linaendana na hapo. Kofia haikomboi jaketi bovu.

Hatua ya 5: beba mbili

Mbili nyepesi zinashinda moja nzito. Moja ya kutembelea, nyingine kavu ndani ya mfuko wa nailoni, hiyo usiiguse mpaka mfike kambini. Ukipanda mlima vua kofia kabla jasho halijaanza, ukisimama vaa kabla hujahisi baridi.

Hatua ya 6: kufua

Mitumba fua kabla ya kuvaa, hiyo haina mjadala. Sufu ni maji ya baridi na sabuni laini, usiisugue, maji moto yataifanya imtoshe mtoto. Flisi haina mambo mengi, ila usiianike karibu na jiko la mkaa, inayeyuka.