Fizikia ya Mgandamizo kwa Mzamiaji wa Mtungi: Kwa Nini Mita Kumi za Juu Zinataka Uangalifu Zaidi

Anayejifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa, awe Mnemba, Mafia, Watamu au Kigoma, hufundishwa mapema kwamba asizuie pumzi, apande polepole, na asimame kwenye kina cha mita 5 kabla ya kutoka majini. Maagizo hayo yana chanzo kimoja, nacho ni mgandamizo, ambao hubadilika kila mzamiaji anaposhuka au kupanda, na ambao uwiano wake hubadilika zaidi karibu na uso wa maji kuliko chini kabisa. Mwongozo huu hauchukui nafasi ya mwalimu wala kozi, bali unaeleza hesabu chache ambazo kila mzamiaji anapaswa kuweza kuzifanya kichwani.

Anza na hesabu ya mgandamizo wenyewe. Kwenye usawa wa bahari, hewa peke yake hutukandamiza kwa takribani baa 1 (baa ni kipimo cha mgandamizo), na kila mita 10 za maji ya bahari huongeza baa 1 nyingine. Kwa hiyo gawanya kina kwa 10, kisha jumlisha 1: kwenye mita 18 mgandamizo ni baa 2.8, na kwenye mita 30 ni baa 4. Hesabu zote zinazofuata zinajengwa juu ya hii.

Mwaka 1662 Robert Boyle alichapisha kanuni kwamba, joto lisipobadilika, ujazo wa gesi hupungua kwa uwiano uleule ambao mgandamizo wake unaongezeka. Chukua chupa laini ya plastiki, ifunge ikiwa imejaa hewa, kisha ishushe: kwenye mita 10 hewa iliyomo itabaki nusu ya ujazo wake wa awali, kwenye mita 20 theluthi, na kwenye mita 30 robo. Sasa zisome namba hizo ukielekea juu. Hewa inayotoka mita 30 hadi mita 20 hutanuka kwa theluthi moja tu, lakini inayotoka mita 10 hadi juu hutanuka mara mbili. Mapafu hayana uwezo wa kutanuka kiasi hicho. Mtu aliyejaza mapafu kwa hewa ya mtungi kisha akazuia pumzi anaweza kuyachana kwa kupanda kitu kama mita moja na nusu, na hewa ikiingia kwenye damu huweza kufika kwenye ubongo. Ndiyo maana hatari hii ipo hata kwenye bwawa la kuogelea, na ndiyo maana natamani mwanafunzi aielewe kabla hajavalishwa mtungi. Pumua mfululizo bila kusita, na wakati wowote kifaa cha kupumulia kikiwa nje ya mdomo, toa hewa taratibu kwa mapovu madogo.

Kanuni hiyohiyo hufanya kazi kinyume wakati wa kushuka. Hewa iliyo nyuma ya ngoma za masikio husinyaa, nayo ngoma huvutwa kuelekea ndani. Bana pua na upulize kwa upole tangu mita ya kwanza, kabla maumivu hayajaanza, na urudie mara kwa mara hasa katika mita 10 za mwanzo. Sikio likigoma, panda kidogo na ujaribu tena, bila kupuliza kwa nguvu. Miwani ya kuzamia nayo hukaza usoni, hivyo toa hewa kidogo kupitia puani ili kuilegeza. Mwenye mafua na asizamie siku hiyo.

Kuelea ni somo la Archimedes: maji humsukuma mtu juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji aliyoyasogeza. Lita moja ya maji ya bahari ina takribani kilo 1.025, ilhali ya maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ina kilo 1. Mzamiaji anayesogeza lita 80 pamoja na vifaa vyake husukumwa na kilo 82 baharini na kilo 80 ziwani, kwa hiyo anayetoka Zanzibar kwenda kuzamia Ziwa Tanganyika apunguze takribani kilo 2 za risasi, yaani vizito vya madini anavyovaa kiunoni ili azame. Hewa nayo ina uzito ambao wengi huusahau. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi baa 200 hubeba lita 2,400 za hewa, karibu kilo 3, na ukibakiza baa 50 utakuwa umepoteza zaidi ya kilo 2. Pima risasi zako ukifikiria mwisho wa mbizi, utakapotakiwa kutulia kwenye mita 5 na mtungi mwepesi bila kuvutwa juu. Wakati wa kupanda, hewa iliyo ndani ya jaketi la kuelea hutanuka na kukuongezea kasi, na kasi hiyo huitanua zaidi, kwa hiyo anza kuipunguza kabla hujahisi kusukumwa.

Kina pia hula hewa ya mtungi. Anayetumia lita 20 kwa dakika juu ya maji hutumia lita 40 kwenye mita 10 na lita 80 kwenye mita 30, kwa sababu kila pumzi hujazwa kwa mgandamizo wa mahali alipo. Katika ule mtungi wa lita 12, ukiweka kando baa 50 za akiba unabaki na lita 1,800, ambazo ni dakika 45 kwenye mita 10 lakini ni dakika 22 tu kwenye mita 30, nazo hupungua zaidi ukiogopa au ukipambana na mkondo. Usistaajabu pia kipimo kikishuka bila wewe kupumua: mtungi uliosoma baa 200 ukiwa moto wa nyuzi 50 husoma takribani baa 186 ukipoa hadi nyuzi 27.

Hewa ni mchanganyiko, hasa wa naitrojeni na oksijeni, na John Dalton alionyesha kwamba kila gesi huchangia mgandamizo kwa sehemu yake. Kwenye mita 30 naitrojeni hufikia takribani baa 3.2, kiwango ambacho wengi huanza kulewa nacho, wakipunguza umakini bila kujijua. Dawa yake ni kupanda mita chache. Oksijeni ikizidi baa 1.4 inaweza kuleta degedege la ghafla, na kwa sababu hiyo hewa yenye oksijeni asilimia 32 isipelekwe chini ya mita 33. Moshi wa injini ukivutwa na kompresa, mashine ya kujazia mitungi hewa, ni hatari zaidi: kwenye mita 30 makali ya kaboni monoksaidi huongezeka mara 4. Mdomo wa kompresa uwekwe upande upepo unakotokea, mbali na bomba la moshi.

Nimeiacha naitrojeni ya mwilini mwisho kwa sababu madhara yake huonekana baada ya kutoka majini. William Henry alieleza mwaka 1803 kwamba gesi huyeyuka zaidi katika kimiminika kadiri mgandamizo wake unavyoongezeka. Damu na misuli hunyonya naitrojeni chini, na mgandamizo ukipungua haraka gesi hiyo hugeuka mapovu mwilini badala ya kutoka kupitia mapafu. Panda kwa kasi isiyozidi mita 9 kwa dakika, simama kwenye mita 5 kwa dakika 3, kisha malizia mita hizo 5 taratibu kuliko zote.

Mbizi za kurudiarudia hulimbikiza naitrojeni, jambo linalowaumiza wavuvi wa majongoo bahari wanaoshuka mara nyingi kwa siku. Maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu au miguu kukosa nguvu baada ya kuzamia yasichukuliwe kuwa ni uchovu wa kazi. Mgonjwa alazwe chali, apewe oksijeni safi, na wahusika watafute hospitali yenye chemba ya mgandamizo, yaani chumba maalumu cha kumtibu mgonjwa chini ya mgandamizo. Kumrudisha majini ili maumivu yapungue kunaweza kumpoozesha au kumuua.

Mwinuko nao ni kupanda. Ziwa Viktoria liko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa tayari ni nyepesi, kwa hiyo muda wa kukaa chini huhesabiwa kwa majedwali ya nyanda za juu. Aliyezamia Zanzibar asubiri angalau saa 12 kabla ya kupanda ndege ikiwa alishuka mara moja tu, na saa 18 ikiwa alishuka mara kadhaa, na atumie subira hiyohiyo kabla ya kwenda kwa gari hadi ukingo wa Ngorongoro, ambao upo zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari aliyotoka.